Siku Wageni Walipoila Biashara Yangu

Aibu hii, jamani, hata leo nikiupita mlango wa Bwana Salim huivuta kofia mpaka kwenye nyusi.

Ilikuwa miaka ya tisini, nina mikokoteni yangu, nami nautaka mzigo wote wa Bwana Salim, tende na sukari na sabuni, kutoka Kilindini hadi bohari yake huku Mji wa Kale, maana bila mzigo ule vijana wangu wangekaa bure (na mkokoteni ukikaa bure huoza, lakini hayo tuyaache). Akasema, "Nitakuja kwako Alhamisi alasiri unionyeshe kazi yako imepangwaje, si maneno matupu."

Basi mpwa wangu Hamisi, karani wa bandarini aliyefunzwa mambo haya, akanichorea karatasi kubwa: juu kabisa lengo, yaani mzigo ufike siku ile ile unaposhuka melini, chini yake kazi za kulifikia lengo, chini zaidi watu na vyombo, na mishale ya kuunganisha. "Mjomba, kitu kisicho na mshale wa kwenda juu, hicho kinakula faida tu." Nikafurahi, ila mimi darasa nililiacha mapema, visanduku vile vikanichanganya, nikaona nitatahayari mbele ya mgeni. Ndipo nikajitia akili, nikaupanga mchoro wote juu ya sinia! Hamri moja nono, ndilo lengo. Viazi vya karai, zile kazi. Kaimati, mahamali wangu. Tende, mikokoteni. Na mishale? Tambi za sukari. Hamisi akacheka, "Lo, mjomba, hata ofisini hatuna kama huu."

Bwana Salim akaja na nduguze wawili. Nikawakalisha mkekani, nikatoka nje kumwita Hamisi. Mke wangu Bi Zuhura (habari za mchoro sikumwambia, kosa langu hilo) akachungulia, akaona wageni wamelikodolea macho sinia na hakuna aliyewanawisha. Akaona haya kwa niaba yangu, akaleta birika na bakuli. "Karibuni, bismillahi, visipoe."

Niliporudi, lengo limo kinywani mwa Bwana Salim.

Ningesemaje? Mgeni utamwambia atoe mkono siniani, nyumbani kwako? Nikajitia kueleza vivyo hivyo. "Hizo tende, bwana, ndizo mikokoteni..."

"Tamu!"

"Na hizo kaimati ni mahamali..."

Ndugu mmoja akaitazama kaimati aliyoing'ata nusu. "Na huyu anaitwa nani?"

Hamisi akaingia, akaliinamia sinia. "Mjomba, mishale iko wapi? Zile tambi!"

"Tambi?" akadakia Bi Zuhura. "Ziko nyingine jikoni."

Bwana Salim alicheka hata akajipiga mapaja. Akapangusa vidole, akasema, "Sheikh, mpango nimeuelewa, na wallahi nimeupenda. Mzigo nakupa. Lakini wa sabuni peke yake. Tende na sukari atachukua mwingine, nyumba hii siiamini."

Basi nikachukua sabuni, miaka na miaka. Na tangu siku ile nikitaka kupanga mchoro wa kazi napanga kwa misumari na mawe, na Bi Zuhura namwambia kwanza.