Maji ya Kiwanja cha Manibe

Mwaka 1974, kambi ya jeshi ilipompa Kulusum mwezi mmoja tu wa kuhama nyumba ya marehemu mumewe, ndugu yake Umaru alimletea dalali. Heshima ya dalali huyo, Fadhul, ilianzia kwenye viatu ikaishia kwenye mkoba. Alikuwa na gari, Pijo nyeupe, na miwani ya jua asiyoivua hata wingu lilipotanda. Msikitini alikaa safu ya kwanza. Na mji wa Arua wa miaka ile ulikuwa umeshasahau kwamba safu hiyo huwafaa pia wale waendao kuonekana.

Kulusum alikuwa mjane wa sajini, mama wa watoto watatu, mkubwa wao Sebit, msusi wa mikeka aliyoiuza Koboko kila siku ya soko. Akiba yake ilitosha kiwanja kimoja. Akikosea, cha pili hakipo. Biashara ilikuwa imemfundisha kwamba mnunuzi asiyegeuza mkeka akatazama upande wa chini hastahili kuhurumiwa.

"Dada, Fadhul ni mtu mkubwa," Umaru alimsihi. "Hata askari wanampigia saluti."

"Bendera nayo hupigiwa saluti, na haijui mpaka wa shamba."

Wakaenda Manibe, nje ya mji. Ardhi ya huko huuzwa mbele ya majirani wa pande nne, na Fadhul alikuwa amewaleta: wanaume wanne wenye kanzu safi na viatu visivyo na chembe ya tope, katikati ya masika! Kando yao mzee mmoja aitwaye Drani, miguu mitupu, alikuwa akipalilia karanga.

"Huyo achana naye," Fadhul akasema. "Ni mutu ya jembe tu. Hajui karatasi."

Kulusum akawageukia wale wanne. "Mvua ikinyesha, maji ya hapa inakwenda wapi?"

Wa kwanza akaonyesha barabara. Wa pili akaonyesha kilima, kana kwamba maji ya Manibe hupanda. Wa tatu akamtazama Fadhul, labda jibu lilikuwa limeandikwa kwenye miwani.

"Inaingia tu chini," akasema wa nne.

Drani akacheka hata akaegemea jembe. "Chini! Hata maiti inaingia chini. Mama, maji inapita pale unasimama. Mwezi ya nane bata iko naogelea. Na hii udongo ni ya ukoo yetu. Nani alisema inauzwa?"

"Mama Sebit, wewe iko na maneno mingi!" Fadhul alifoka. "Wateja ingine wanangoja!"

"Basi usiwacheleweshe."

Umaru aliona haya. Si kwa ajili ya Fadhul, bali kwa ajili ya dada yake. Akili za namna hiyo hazikuwa adimu siku zile.

Kesho yake Kulusum alirudi kwa Drani peke yake, akaambiwa angoje ukoo ukae kikao. Mwezi ukaisha, kambi ikamtoa. Alilala na wanawe katika jiko la shangazi yake muda wa masika mawili, na Umaru akipita hapo kumcheka. Hatimaye ukoo ulimkatia kipande mahali pa juu zaidi. Majirani, wa kweli sasa, waligombana asubuhi nzima kwa ajili ya unyayo mmoja, kisha wakapanda miche ya mpaka mbele ya macho ya wote. Hakuna aliyekuwa na viatu.

Mwaka 1976, mvua kubwa ilipokatika, Pijo ilichemka barabarani, ng'ambo ya bonde lililo chini ya nyumba ya Kulusum. Fadhul akaja kuomba maji ya injini.

"Nani alikuuzia hapa?"

"Mutu ya jembe."

Akamjazia debe, akamwonyesha njia ya ukingoni ili arudi mkavu. Fadhul akatabasamu jinsi wakubwa wanavyowatabasamia wauza mikeka, akakata moja kwa moja katikati ya kile kiwanja alichotaka kumuuzia, akazama hadi magoti, debe likamwagika.

Kulusum hakumjazia tena. Aliketi barazani, akaugeuza mkeka, akaendelea kusuka.