Siku Jenereta Ilipozimwa Kibandani

Katika kibanda cha gemu pale mtaa wa Juba Na Bari, jijini Juba, bingwa wa gemu ya kutisha nilikuwa mimi, na nilijisifu kweli kweli. Sheria ya kibanda ilikuwa moja: ukipiga kelele, unaamka kitini, mwenzako anakaa. Mimi sikuwahi kuamka. Nilipita kwenye korido za ile hospitali yenye mizimu huku nikitafuna karanga, wenzangu wakinitolea macho.

Kwa hiyo dada yangu mkubwa alipokuja kututembelea kutoka Kampala, sikumpa hata nafasi ya kunyoosha miguu. Nilimpokea uwanja wa ndege mchana, tukatupa mabegi nyumbani, tukaenda moja kwa moja kibandani. Mnielewe. Tulipokuwa wakimbizi Uganda, mwoga wa familia nilikuwa mimi. Hata chooni sikwenda bila kushika sketi yake. Mpaka leo, kwenye simu, ananiita Kifaranga. Nilitaka anione nikicheza, na jina lile life siku hiyo hiyo.

"Kifaranga, wewe iko nacheza hii?" aliuliza, akitazama damu kwenye skrini.

"Dada, wewe kaa tu, angalia."

Sasa, mwenye kibanda, mama mmoja Mganda, alikuwa amefunga sola wiki ile. Jenereta yake, iliyonguruma mlangoni siku zote, ilikuwa imezimwa na kufunikwa turubai. Sikuitilia maanani. Nilishika pedi ya kuchezea, nikaingia hospitalini.

Hapo ndipo nikasikia. Jamani, gemu ilikuwa na muziki! Kinanda kililia kwa mbali, sauti moja moja, kama mtu anayejifunza na hataki kusikika. Korido ni ile ile, taa ni zile zile, na mlango ni ule ule niliozoea kuupita kwa dharau, lakini sasa ulikuwa na kitu nyuma yake. Ngoma nzito ikaingia chini ya kinanda, polepole, na moyo wangu ukaifuata bila ruhusa yangu. Fidla zikapanda, zikapanda, zikakatika. Kimya. Kimya hicho ndicho kilichonimaliza. Hapakuwa na mzimu wowote pale, mlango mtupu tu, lakini nilipiga ukelele uliomtoa yule mama jikoni nyuma, mwiko mkononi.

Kibanda kizima kiliangua kicheko. "Amka! Amka!" Kumbe muda wote ule nilikuwa bingwa wa gemu ambayo sikuwahi kuisikia. Jasiri ilikuwa jenereta! Niliona aibu, ndiyo, ila mwili ulinisisimka kwa raha ambayo sijui niielezeje. Nilitaka kuusikia tena muziki ule, palepale.

"Nipunguze sauti?" mama akauliza kwa huruma.

"Hapana, mama! Ongeza!"

"Khalas, basi, Kifaranga ni Kifaranga tu," dada akasema, akakaa kwenye kiti changu.

Nikamwonyesha kitufe cha kutembea. Kinanda kikaanza. Akaingia koridoni akitabasamu, ngoma ikamfuata, tabasamu likaisha. Nikageuka niende kununua soda, nikahisi nimevutwa. Macho yake yalikuwa kwenye skrini, mkono mmoja kwenye pedi, na wa pili umeng'ang'ania sketi yangu.

"Wewe iko naenda wapi?" alinong'ona. "Simama hapa."

Nikasimama.