Kisima cha Bi Salima na Choo Nilichokitoboa Mvuani

Ndugu zangu mnaokaa mabondeni, nayaandika haya nikiwa mzima, na mvua ikinguruma bado natetemeka.

Shule niliiacha darasa la tano, Newala. Tangu hapo sijatulia mahali. Kipawa nimebeba mizigo, Kigamboni nimechimba misingi, na Chamazi nilikuja kwa sababu tu sikuwahi kufika Chamazi. Nikimwona mtu anafanya kazi nisiyoijua, nasimama nauliza mpaka anichoke. Ndivyo nilivyojifunza kuchimba visima, na ndivyo nilivyojifunza kutapisha vyoo.

Kazi hii mnaijua. Choo cha shimo kikijaa, mwenye nyumba anasubiri mvua kubwa. Maji yakianza kupita uani, anaitwa mtu kama mimi. Namwaga mafuta ya taa kupunguza harufu, nachimba pembeni, natoboa ukuta wa shimo, uchafu unaondoka na maji. Kila mtu husema unakwenda baharini. Nami nilisema hivyo.

Nilipanga chumba kwa Bi Salima, mjane wa kutoka Lindi. Uani kwake kulikuwa na kisima kilichonywesha bonde zima, bure. Sharti lake lilikuwa moja: ndoo ya kuchotea isiguse ardhi. Ukiiweka chini, utasemwa mpaka jioni.

Siku ya mafuriko, jirani yetu Baba Neema aliniita asubuhi nikatapishe choo chake. Aliniambia niwahi kabla maji hayajapungua. Nikatoboa. Kwa muda kazi ilikwenda vizuri, kisha maji yakasimama. Kule chini kalavati linalopitisha maji chini ya barabara lilikuwa limeziba kwa magodoro na migomba. Nikayaona yakirudi. Yakaingia kwa Baba Neema, yakaingia jikoni kwetu, yakafunika mdomo wa kisima. Juu yake palikuwa na utando unaong'aa rangi rangi. Nilijua ni mafuta yangu ya taa.

Maji yalipoondoka, watu walianza kuzoa tope na kuanika vitanda. Bi Salima alichota ndoo kadhaa akamwaga, akanusa, akasema kisima kimepona. Sikumwambia habari ya mafuta. Nilijiambia kisima ni kirefu, uchafu hauwezi kufika chini. Nikanywa ili nijithibitishie.

Siku ya tatu, mchana, nilikuwa nasomba tope chumbani kwa Bi Salima. Tumbo likaunguruma bila kuuma. Nilikimbilia chooni, na kilichotoka kilikuwa maji matupu, meupe kama ya kuoshea mchele. Nikarudi kushika koleo, nikakimbia tena. Mara ya nne sikuwahi. Kisha nikaanza kutapika, hata mdomo sikuweza kuufunga. Misuli ya miguu ikakaza nikajikunja kwenye tope. Vidole vilinyauka kama vya mtu aliyefua kutwa. Nikataka kumwita Bi Salima, sauti haikutoka.

Yeye na Baba Neema walinipakia kwenye bajaji, nimelazwa juu ya turubai, mpaka kambi ya wagonjwa wa kipindupindu. Nesi alinifinya ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama. Alitafuta mshipa mkono wa kulia akakosa, akaupata wa kushoto. Kitanda changu kilikuwa na tundu katikati na ndoo chini yake, na nilikuwa nasikia mwili wangu ukimwagikia humo. Jirani yangu wa kitanda aliomba maji kutwa. Asubuhi yake alikuwa amefunikwa shuka mpaka usoni.

Nesi akaniuliza maji ya kunywa tunayatoa wapi.

"Ya bomba," nikasema.

Niliogopa. Watu waliopoteza magodoro na akiba ya unga, wakijua ni mimi, wangenifanya nini?

Kesho yake dripu zilikuwa zimenirudisha kidogo. Nikamwona Bi Salima nje ya uzio, hatua chache kutoka kitandani kwangu, ameshika chupa. Mlinzi alimkatalia kuingiza chochote. Jua lilikuwa kali. Akafungua chupa, akanywa mwenyewe mafunda mawili, akainyanyua nione. "Ya kwetu hii, tamu," akasema.

Moyo ulinipasuka. Nilimvuta nesi nguo.

"Nimedanganya," nikamwambia. "Tunakunywa kisimani, na kisima nimekichafua mimi."

Nikamweleza yote, na Bi Salima kule uzioni akayasikia. Alitaka kumwaga chupa, nesi akamzuia asimwage pale. Bi Salima akanigeukia.

"Nilikupa chumba, nikakupa maji. Siku zote hizo mdomo ulikuwa umeuweka wapi?"

Alikalishwa kwenye benchi, akapewa maji ya chumvichumvi na kuambiwa arudi mara moja tumbo likimbadilika. Siku mbili nilimuuliza kila nesi aliyeingia kama kuna mama ameletwa kutoka bondeni kwetu. Hakuletwa. Namshukuru Mungu kwa hilo kuliko hata kupona kwangu.

Niliporudi, mjumbe wa mtaa aliitisha kikao. Wapo waliotaka nihame siku ileile. Baba Neema akasimama, akasema yeye ndiye aliyeniita, kwa hiyo tuhamishwe wote. Bi Salima akawakatisha.

"Hahami mtu. Aliyejua kukichafua ataingia kukisafisha."

Kwanza tulizibua kalavati, bonde zima na makoleo. Tukaziba tundu nililotoboa kwenye choo cha Baba Neema. Kisha tukakausha kisima, nikafungwa kamba kiunoni nikashushwa. Mwili ulikuwa bado dhaifu, na kule chini niliisikia ile harufu ya mafuta ya taa. Nilitamani kupiga kelele wanitoe. Nilisugua kuta zote. Bwana afya akaweka dawa, tukakausha tena, akaweka tena. Mdomo wa kisima tukaujengea kwa saruji mpaka juu ya alama ya mafuriko.

Bwana afya akapima, akasema maji ni salama. Watu walisimama na ndoo zao, hakuna aliyesogea. Bi Salima akachota, akajaza kikombe cha bati, akaniletea.

"Anza wewe. Sie tutakuangalia."

Nilikunywa chote. Siku tatu walipita dirishani kwangu. "Vipi tumbo, fundi?" Nami usiku na mchana nilikuwa nalisikiliza.

Ndugu zangu, choo kisitoboliwe mvuani. Maji mnayoyaona yanaondoka yanaweza kurudi. Ukianza kuharisha maji matupu, usisubiri jioni. Na nesi akikuuliza ulikunywa wapi, mwambie kweli, maana kuna mtu bado anachota pale. Nawashukuru manesi wale, na Baba Neema aliyesimama nami.

Siku ya nne asubuhi niliamshwa na mlio wa kamba kisimani. Bi Salima alikuwa anamfokea mtu aliyeweka ndoo chini.