Mvua ya Makopo

Juzi binti yangu alirudi kutoka chekechea na chupa ya maji iliyotiwa mchele hadi robo. Kifuniko kimezibwa kwa gundi, na ubavuni wamebandika mawingu ya pamba. Wiki hiyo walikuwa wanasoma kitabu cha picha kinachohusu mvua, na mwalimu wao aliagiza kila mzazi amsomee mtoto nyumbani, mtoto naye atikise chupa kila picha ya mawingu inapotokea. Nikaketi kwenye kochi, hapa hapa Dodoma mjini, nikafungua ukurasa wa kwanza, naye akatikisa. Sikuweza kuendelea. Ikabidi nijifanye natafuta miwani.

Mchele hauna sauti nzuri, niwaambie ukweli. Unakimbilia upande mmoja na kunyamaza. Nafaka inayotoa mvua yenyewe hasa ni uwele, na hilo nalijua kwa sababu mvua ya namna hiyo niliwahi kuitengeneza nikiwa na miaka sita, mimi na darasa zima, na aliyeumia kwa ajili yake hakuwa mimi.

Nililelewa na bibi mzaa mama katika kijiji kimoja upande wa Mvumi, wazazi wangu wakiwa mjini kutafuta maisha. Nyumba yetu ilikuwa ya bati, lakini jiko lilibaki kuwa tembe la zamani, la paa la udongo, kwa sababu bibi alisema bati halijui kutunza moshi. Moshi ule ulikuwa na kazi. Juu ya mafiga, kwenye boriti, kilining'inia kibuyu kikubwa kuliko kichwa changu, mdomo umezibwa kwa gunzi la mahindi na kukandikwa kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na majivu. Ndani yake mlikuwa na mbegu ya uwele. Kila mavuno bibi alitangulia shambani kabla ya mtu mwingine yeyote, akachagua masuke marefu yenye punje zilizobanana, akayafunga kwa kamba na kuyaweka kando. Mbegu ile aliipata kwa mama yake, na mama yake aliipata kwa mamaye. Wadudu hawakuigusa kwa sababu ya moshi, na sisi hatukuigusa kwa sababu ya bibi.

Wengine mbegu zao walizila. Si kwa ujinga. Mtoto akilia njaa mwezi wa kumi, hata wewe ungekitazama kibuyu mara mbili. Ndiyo maana mvua ya kwanza ikishanyesha, alfajiri kabla jua halijatoka, wanawake walikuja kwetu wameficha bakuli ndani ya kanga. Pale kwetu mwenye kuomba mbegu haombi kwa mdomo, wala hanyimwi. Anapiga hodi, anaweka bakuli chini, anazungumzia habari za mbuzi. Bibi alijaza bakuli bila kudai kitu, lakini kila mmoja alimwambia sentensi ile ile: "Aliyekula mbegu amekula mwakani." Aliisema bila ukali, nao waliitikia, "Ndivyo, mama," wakaondoka wameinama. Mimi nilisimama nyuma yake nikijivuna. Nilijua kwamba sisi ni watu wa kuombwa.

Sasa, mwalimu wetu wa darasa la awali alikuwa mgeni. Alitoka Bukoba, ambako kwa maelezo yake mvua hunyesha mpaka watu wakaichoka. Sisi tulimwona mwongo, ila mwongo mwenye sauti nzuri. Alikuja na kitabu kimoja cha picha, jalada limechakaa pembeni, akakishika akikigeuzia kwetu ili wote tuone. Kwenye ukurasa wa kwanza watoto wawili waliovaa mabuti ya njano wametoa vichwa dirishani, nje mvua inanyesha, nao nyuso zimenuna. Yona, mtoto wa jirani yetu, aliyekaa nami dawati moja, aliuliza kama wamefiwa. Mwalimu akasema hapana, wamenuna kwa sababu mvua inawazuia kucheza nje. Tukatazamana. Nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipowahurumia watu wa mbali kwa kukosa akili.

Hata hivyo kitabu tulikipenda, hasa ukurasa wa vyura, na mwalimu akaamua kwamba siku ya wazazi, mwisho wa mwaka, tutakisoma mbele ya kijiji tukiwa na mvua yetu wenyewe. Alipata makopo matupu ya dawa, yale meupe ya plastiki, kutoka hospitali ya misheni. Tukabandika juu yake vipande vya magazeti kwa uji mzito wa unga, tukasubiri vikauke, tukachora mawingu kwa mkaa na vyura kwa udongo mwekundu. Harufu ya uji ule uliochacha ninaikumbuka mpaka leo. Yona aliulamba vidoleni hadi mwalimu akamhamishia dawati la mbele.

Kilichobaki kilikuwa sauti. Tukatia kokoto, zikasikika kama mbuzi juu ya bati. Tukatia mahindi, ikawa mvua ya mawe. Mwalimu akasema tulete punje zozote ndogo kutoka nyumbani, chache tu. Alikotoka yeye watu hupanda migomba. Sidhani kama alijua kijiji chetu mwezi wa kumi na moja kina punje ngapi za kuchezea. Kesho yake watoto wakaja mikono mitupu. Mimi nikaja na ngumi moja ya uwele.

Mwalimu aliutia kwenye kopo langu, akafunga, akaliinamisha taratibu. Akafumba macho. Darasa likasikiliza mvua ikianza mbali, ikasogea, ikapita.

"Hiyo hasa," akasema. "Nyemo ametuletea mvua. Umepewa nyumbani?"

"Ndiyo, mwalimu. Bibi anao mwingi."

Basi kila mtu akataka mvua ya Nyemo. Watoto waliokuwa wakinicheka kwa sababu ya kaptura niliyovaa chini ya gauni walinipisha bombani. Tulikuwa thelathini na kitu, na mimi nilimwahidi kila mmoja. Mchana bibi alipokwenda kwenye mkutano wa akina mama kanisani, au kuchota maji, niligeuza kinu kifudifudi, nikakipanda, nikateremsha kibuyu. Nilitumia siku nne na mfuko wa madaftari. Siku ya nne kibuyu kikawa chepesi, nami nikaogopa, lakini si kwa sababu ya shamba. Niliogopa uzito wake ungenisema. Nikashuka korongoni, nikaleta mchanga laini, nikakijaza, nikarudisha gunzi na kukandika kinyesi kibichi chenye majivu, nikilainisha kwa kidole gumba kama tulivyofundishwa kubandika magazeti. Ilikuwa kazi safi. Mnisamehe, lakini hata leo nikiikumbuka naona ilikuwa kazi safi.

Siku ya wazazi bibi alikaa benchi la mbele, amevaa kitenge cha Krismasi. Mwalimu alisoma, sisi tukatikisa, kwanza wawili, halafu safu moja, halafu wote. Wazee waliacha kuzungumza. Mtu mmoja nyuma alitazama juu, watu wakacheka, na bibi akapiga makofi mpaka bangili zikapanda hadi kwenye kiwiko. Tuliruhusiwa kwenda na makopo nyumbani. Njiani bibi alinishika mkono.

"Sauti ile si ya kokoto," akasema. "Ni nani mwenye uwele wa kuchezea mwaka huu?"

Nikamwambia sijui, labda mwalimu.

Mvua ya kweli ilikuja siku ya sita baada ya kufunga shule, mchana. Mnaijua harufu ile, sina haja ya kuieleza. Huku kwetu udongo haumngoji mtu. Ukipata maji leo, kufikia siku ya nne umeshaanza kufunga, na mvua nyingine inaweza kuchelewa wiki tatu. Mvua ilipokatika bibi akaleta ungo, akateremsha kibuyu, akabandua zibo kwa kisu, akamimina.

Mchanga ulitoka vizuri, laini. Bibi hakukiacha kibuyu. Alimimina mpaka mwisho, kana kwamba mbegu ingeweza kuwa chini yake. Kisha akachukua kidogo kwenye kiganja, akaunusa.

"Huu ni wa korongoni," akasema. Akanitazama. "Mbegu iko wapi, Nyemo?"

"Iko kwenye mvua."

Hakuelewa, nikaeleza. Nilieleza yote, hata kinu, hata kidole gumba. Nilikuwa nalia, lakini niseme ukweli, sikuwa nalilia shamba wala bibi. Pale shuleni mtoto aliyeiba penseli alisimamishwa mstarini wote wakimwimbia mwizi, na aliitwa hivyo mpaka alipohamia kwa shangazi yake Kongwa. Mimi nilijua nitasimamishwa kwa ajili ya kibuyu kizima. Nilimwomba bibi asimwambie mwalimu. Nilimwomba asiwaambie akina Yona. Yeye alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha, anachora kwa kidole kwenye mchanga ulio juu ya ungo.

"Kopo lako liko wapi?" akauliza mwishowe.

Nikalileta. Akalipasua, akamwaga ule uwele kwenye kona ya kanga yake, ngumi moja tu, akafunga fundo. Siku ile hakunipiga. Nikashukuru, nikala ugali wangu na mlenda nikamaliza.

Alfajiri aliniamsha. Alikuwa amebeba bakuli la bati, lile letu la bluu, amelifunika kwa kanga. Tukaenda nyumba nne, na ya kwanza ilikuwa ya Mama Yona. Mwanamke huyu alikuwa amekuja kwetu na bakuli kila mwaka niliokumbuka, isipokuwa mwaka huo. Mwaka huo ndugu yake alimletea mbegu kutoka Kongwa. Bibi akapiga hodi.

"Mbukwenyi," akasalimia kwa kilugha chetu.

"Mbukwa. Karibu, Mama Lea. Mmeamkaje?"

Lea ni mama yangu. Bibi akajibu kwamba wameamka salama, akaweka bakuli chini, akaanza kuuliza habari za mbuzi. Mama Yona alilitazama bakuli. Akamtazama bibi, akarudi kulitazama tena. Nilimwona akielewa, na nilimwona akifurahi kidogo, kama ambavyo mtu yeyote angefurahi. Wakati huo Yona akatokea mlangoni na kopo lake, macho yana usingizi, akaanza kulitikisa kunionyesha kwamba bado linafanya kazi. Mvua ikaanza mbali, ikasogea. Mbegu ya bibi yangu ilikuwa hatua mbili kutoka mkononi mwake.

Bibi aligeuka akalitazama lile kopo. Nikasogea nyuma yake.

"Mvua nzuri hiyo, Yona," akasema.

"Shikamoo bibi. Ni mvua ya Nyemo," akasema Yona.

"Marahaba. Nimesikia."

Mama Yona akaliingiza bakuli ndani, akarudi nalo limejaa. Alipokuwa analikabidhi akatabasamu, akasema ile sentensi, polepole, kwa sauti ya bibi kabisa: "Aliyekula mbegu, Mama Lea, amekula mwakani."

"Ndivyo, mama," bibi akajibu. Akainama, akafunika bakuli.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, naona baridi miguuni, nikiomba tuondoke kabla Yona hajasema zaidi. Nilidhani tumeponea chupuchupu. Kufikia saa mbili tulikuwa na mbegu ya kutosha nusu ya shamba, na kufikia jioni ilikuwa imefukiwa. Mwaka ule masuke yalitoka ya kila aina, marefu na mafupi, meupe na ya kijivu. Ile ngumi moja ya kopo langu bibi aliipanda peke yake, karibu na kichuguu, akailindia ndege mwenyewe kuliko alivyolinda shamba lote. Kutoka pale akapata masuke ya kuanzia tena.

Kijiji kilisema kwamba Mama Lea naye amekula mbegu. Nilisikia kisimani, nilisikia hata mlangoni mwa kanisa. Sikujali, maana aliyesemwa hakuwa mimi. Nilikuwa mtoto aliyesalimika, na mtoto aliyesalimika hana habari na mtu. Imenichukua miaka mingi, na chupa ya mchele sebuleni kwangu, kulitazama vizuri lile jambo: kwamba neno moja tu lingetosha. Angenyoosha kidole kwenye kopo la Yona, na angerudi nyumbani akiwa Mama Lea yule yule, mwenye mbegu, mwenye mjukuu mwizi. Aliliona kopo, akasema mvua nzuri. Naona aibu leo kuliko nilivyoona siku ile, na sina wa kumwambia, kwa sababu bibi amelala makaburini pale kanisani miaka mingi sasa.

Kuna jambo moja niliona nikiwa mtoto na nikalielewa vibaya. Baada ya miaka miwili kibuyu kilikuwa kimejaa tena, na mvua ya kwanza ilipokatika Mama Yona akaja alfajiri, bakuli ndani ya kanga. Bibi alilijaza, akashindilia kwa kiganja, akaongeza mpaka punje zikamwagika mkekani. Mama Yona aliinamisha kichwa akingoja sentensi yake, na mimi nyuma nikaingoja pia. Haikuja, siku hiyo wala miaka yote iliyofuata, kwa mtu yeyote. Nilidhani bibi amezeeka, amesahau maneno yake.

"Msalimie Yona," akamwambia, akafunga mlango wa jiko ili moshi usitoke.