Mistari ya Mamdogo Siwema

Moshi wa maganda ya korosho hauna huruma. Huwasha macho, hukaa kooni, na hata uoge mara tatu bado nywele zitakusema ulikuwa wapi. Kwetu Mtawanya, Kibiti, msimu wa korosho ulinuka hivyo kila nyumba, na mwaka ninaousimulia ulinuka hofu pia. Ulikuwa ule wakati ambapo watu walikuwa wakiuawa vijijini kwetu na hakuna aliyejua nani muuaji. Ikifika saa kumi na mbili jioni pikipiki zilinyamaza na milango ikakomewa. Aliyeingia kijijini aliulizwa katoka wapi, hata akiwa mtoto wa hapo hapo. Mama alitukataza kuongea njiani. Mdomo uliponza kichwa, alisema, na hakuwa akitania.

Katika hali hiyo ndipo mdogo wake, mamdogo Siwema, alipokuja kutoka Mbagala, Dar es Salaam, kutusaidia kubangua korosho. Mchana alikaa na mama uani, jiwe mkononi, na kila akipasua ganda alitikisa kichwa kwa kufuata mdundo. Mimi peke yangu aliniambia siri yake: alikuwa akiandika mistari ya hip hop, na vijana wa kiume wakiichana, yaani wakiifoka kwa mdundo, majukwaani kama yao. Walimwambia kwamba mwanamke akishika kipaza sauti watu hutoka nje kununua soda. Basi akakubali kukaa kimya ili maneno yake yapate kusikika. Nilikuwa na miaka kumi. Alinifundisha kupanga vina kwa kugonga jiwe juu ya gogo, nami nikaona hakuna mtu duniani mwenye akili kama yeye.

Ndiyo maana niliiba daftari lake. Nilitaka wenzangu shuleni waone. Wakati wa mapumziko niliwasomea kwa sauti: "Naingia na silaha, ulimi ndio bunduki, nikifyatua neno moja, ukumbi wote hauamki." Mwalimu alikuwa nyuma yangu. Alilichukua daftari, akafunua kurasa mbili tatu, akalifunga. Hakunichapa. Aliuliza tu, "La nani hili?" Nikasema. Mpaka leo ninakumbuka jinsi jina lilivyonitoka upesi.

Alasiri mgambo wawili walisimama uani kwetu. Mamdogo alinawa mikono, akajifunga kanga ya pili, akawafuata. Mimi na mama tulikwenda nyuma yao hadi ofisi ya kijiji, tukabaki mlangoni. Ndani alikuwamo mwenyekiti, daftari lile mbele yake, na askari kijana mwenye bunduki magotini.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Siwema, silaha hizi unazoandika ziko wapi?"

"Hakuna silaha, mzee. Ni nyimbo."

"Wimbo gani wa kuua watu?"

Akawaomba wamsikilize. Alianza kuchana, sauti ndogo, macho sakafuni. Hakufika mbali, askari akainua mkono. "Wimbo huu ninao mimi kwenye simu! Kauimba mwanamume. Huyu anatudanganya." Akaufungua, na sauti nzito ya mwanamume ikajaa chumba kizima, maneno yale yale. Mama alinishika bega mpaka kucha zikaniingia.

Nilijua mamdogo aliwaapia vijana wale kutosema hadharani maneno ni ya nani. Lakini mficha uchi hazai, na bunduki ilikuwa hatua mbili kutoka alipo. Wimbo ulipokwisha akasema, "Sauti ni yake, maneno yangu. Mwenyekiti, fungua ukurasa wa nyuma. Kuna ubeti walioukata, haumo kwenye simu hiyo. Fuata kwa kidole." Akauchana: "Vidole vya mama vyeusi, utomvu umevichoma, kabangua mpaka giza, ili mwanawe nisome." Kidole cha mwenyekiti kilitembea juu ya karatasi, neno kwa neno, kikafika mwisho pamoja naye. Akavua miwani.

"Ni hivyo hivyo ilivyoandikwa," alimwambia askari. Kisha kwa mamdogo: "Kesho asubuhi uondoke. Wakati huu si wa maneno kama haya."

Daftari halikurudishwa. Askari naye hakunyamaza, akaeneza kwamba mistari ile ni ya mwanamke. Habari ilimtangulia mamdogo Dar es Salaam, na yule mwimbaji wa kwenye simu akamfungia milango ya studio zote alizozijua. Ndipo mamdogo aliposhika kipaza sauti mwenyewe, akachana kwenye kumbi ndogo. Mwanzoni watu walitoka nje kweli. Baadaye wakaacha kutoka.

Siku hizi wasichana wa Kibiti hujirekodi kwa simu mchana kweupe na kutaja majina yao. Wanaochana Mbagala humwita mamdogo mama yao, na wanapenda kusimulia jinsi alivyowakabili wenye bunduki bila woga. Mwaka jana nilikwenda kumwomba radhi, baada ya kuchelewa miaka yote hiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatia sukari chai yangu.

"Nilikusamehe kabla hatujafika ofisini," alisema. "Ila hao watoto uwaambie ukweli. Niliogopa, mwanangu. Miguu ilikufa ganzi, na niliimba kwa sababu mdomo tu ndio uliokuwa bado unanitii."