Jino Zima

Jino ninalokosa upande wa kulia, la pili kutoka mwisho, halikuwa limeoza. Lilikuwa zima, linavunja mfupa wa kuku. Wajukuu wakiniuliza nawaambia ni uzee. Si uzee. Ni ujinga, na wakati naufanya nilikuwa bado nalima pamba bila kupumzika.

Tulikuwa na mwaka mmoja tangu tuhamishiwe kijiji cha ujamaa. Kule tulikotoka kila mtu alikuwa na mji wake na uzio wake wa minyaa. Ukitaka kutoka unatoka, anayekuona ni ng'ombe. Kijijini nyumba zilipangwa mstari kama wanafunzi. Ukipiga chafya, nyumba ya sita wanakuuliza umelalaje.

Pamba ilipokwisha kuuzwa, habari ikaja kwamba Shinyanga mjini, kwenye uwanja, wamesimamisha bembea ya injini. Viti vimening'inizwa kwa minyororo, vinazungushwa, mtu anapita juu ya vichwa vya wenzake. Watakaa kidogo kisha waende Mwanza. Kisimani wanawake wakaanza kupanga safari. Mimi nikawakatiza.

"Mwanamke aliyezaa ananing'inia kama popo? Na wanaume wamesimama chini wanaangalia nini?"

Wakainamia ndoo zao. Nilikuwa na ulimi huo. Walikuwa wananiogopa, nami nilipenda waniogope.

Shida ni kwamba nilipokuwa natamka neno popo, moyoni nilikuwa nimeshapanda. Utotoni kaka zangu walifunga kamba kwenye mkwaju, mimi nikawa wa kuwasukuma. Nilisukuma mpaka nikaolewa. Sasa kitu kinachosukumwa na injini kimekuja mpaka mlangoni, nikiache kiende Mwanza?

Nikapanga. Nitakwenda Jumatano, siku ambayo mtu wa kijijini hana shughuli mjini. Nitakwenda peke yangu, nipande mara moja tu, ninunue chumvi, nirudi. Ndani ya kanga nitavaa kaptula ya mume wangu, ili upepo usinitie aibu. Hilo la kaptula niliona ni akili kubwa sana. Ikabaki sababu ya kutoka, nikachagua jino.

"Jino linaniuma," nikamwambia mume wangu. "Kesho nakwenda zahanati ya mjini."

"Mbona shavu halijavimba?"

"Limevimba kwa ndani."

Hakubishana. Akatoka, akaenda kufanya anachofanya mume yeyote wa kwetu, akawaambia majirani.

Alfajiri nikafungua mlango, nikakuta wanawake watano wamekaa uani. Wana uji kwenye kibuyu, na kuku wa kunipikia supu nikidhoofika. Mbele yao alikuwa mama wa mapacha, jirani yangu, ambaye kule kisimani nilimsema kuliko wote.

"Mwangaluka, mayu," akaniamkia Kisukuma. "Twende."

"Ni jino tu. Nakwenda mwenyewe."

"Mgonjwa wa kwetu haendi mwenyewe. Ukianguka njiani?"

"Jino haliangushi mtu."

"Lilimwangusha shangazi yangu."

Desturi hiyo ya kusindikiza wagonjwa, msimamizi wake mkali nilikuwa mimi. Aliyekosa nilikuwa namnunia msimu mzima. Basi nikatembea saa tatu nzima, nimeshika shavu, kaptula inanibana.

Pale zahanati, dresa, tabibu wetu wa siku zile, akanigonga jino moja moja. "Mama, meno yako ni mazuri kuliko yangu. Linalouma lipi?"

Nyuma yangu wanawake watano wamejaa mlangoni, wameacha kazi zao. Nikanyoosha kidole popote.

"Hili? Mbona sioni kitu. Nikupe vidonge, urudi baadaye."

Huyo dresa alikuwa mtu mzuri. Alinifungulia njia, mama wa mapacha akaiziba.

"Dresa, huyu hajawahi kulalamika maisha yake. Akisema linauma, ujue linaua."

Ukishasifiwa hivyo mbele ya watu huwezi kukataa koleo. "Ng'oa," nikasema. Akang'oa. Jino lilishika mizizi yake kama mtu anayeonewa, na lilikuwa linaonewa kweli. Kisha akanijaza pamba mdomoni. Akaniagiza niume vizuri, nisiongee mpaka jioni.

Njia ya kurudi inapita uwanjani. Injini ikasikika. Wanawake wakatazamana, kisha wakanitazama mimi.

"Mwenzetu leo haongei," akasema mama wa mapacha.

Wakacheka. Mara nikawekewa mbele katambuga jozi tano, na kuku mapajani. "Wewe mgonjwa, kaa hapo utulindie."

Wakapaa. Kanga zimefungwa vizuri, vicheko vinazunguka juu yangu. Mwanaume aliyekuwa karibu ni mmoja tu, wa injini, naye alikuwa anaangalia injini. Mimi nimekaa chini, nimepoteza jino, nimevaa kaptula ya bure, nalinda viatu vya watu niliowakataza.

Waliposhuka wanayumba, nikasimama. Nikampa mama wa mapacha kuku wake, nikaelekea kwenye kiti.

"Wewe? Na mdomo huo?" akasema. "Mwanamke aliyezaa?"

Pamba imejaa mdomoni. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusemwa nisijibu. Nikakaa, yule wa injini akanifunga mnyororo, nikaondoka ardhini.

Lo, ilikuwa tamu. Niliona mabati ya mji mzima yanainama na kuinuka, tumbo likabaki nyuma likanifuata. Mzunguko wa tatu upepo ukachukua kanga. Ikatokea kaptula ya kaki, yenye kiraka cha bluu makalioni.

"Hiyo si kaptula ya mumeo?" nikasikia chini. Halafu mama wa mapacha, taratibu kabisa: "Mtu anavaa kaptula kwenda kung'oa jino?"

Nilipozunguka tena nikawakuta wamekaa chini, wamekumbatiana, wanafuta machozi. Kuku alikuwa anakimbia uwanjani.

Walinisindikiza mpaka nyumbani kwa heshima zote za mgonjwa, wakinibebea uji wangu njiani. Hakuna aliyesema neno. Walikuwa wanaliweka akiba.

Kesho yake nikafika kisimani na ndoo yangu. Siku zote nilipofika maongezi yalikuwa yanakatika. Siku hiyo hayakukatika.

"Popo amefika," akasema mama wa mapacha. "Sogeeni apate pa kuning'inia."

Jibu nilikuwa nalo, tena zuri. Lakini shavu lilikuwa limevimba, safari hii kwa nje.