Mkono wa Mheshimiwa

Mama Viungo hakuwahi kuuza pilipili wala mdalasini, ingawa wageni wa mtaa walimgongea mlango mara kwa mara wakiulizia. Viungo vyake vilikuwa vya namna nyingine: miguu ya bandia, mikono ya bandia, na mara moja sikio. Alivitengeneza katika karakana ya hospitali kuu, chumba kirefu kinachonuka gundi na plasta. Wagonjwa ndio waliompa jina hilo, likamganda.

Alikuwa mtu wa wasiwasi tangu utotoni. Akitoka nyumbani lazima arudi kuhakikisha jiko limezimwa. Akimfunga mtu mguu mpya, na mtu yule akatembea mwenyewe mpaka mlangoni, wenzake karakanani walipiga makofi. Yeye alibaki kukitazama kifundo, akingoja kilie.

"Wewe hata ukifika peponi utaanza kukagua bawaba za mlango," mumewe alimtania. Mumewe alikuwa kinyozi, mtu mtulivu, mwenye mkono mwepesi na maneno machache.

Siku moja akaingia karakanani mtu mfupi mwenye sauti kubwa. Mji mzima ulimwita Bembea, kwa sababu alianza na bembea moja ya kamba kwenye kiwanja cha marehemu baba yake, akaongeza ya pili, kisha treni ndogo, kisha magari ya kugongana, mpaka kiwanja kikageuka bustani ya michezo. Dereva wake alikuwa amepata mguu kwa Mama Viungo.

"Dada, nimemwona dereva wangu akicheza muziki kwa mguu wako," alisema hata kabla ya kukaa. "Sasa nataka mtu mzima. Asimame, anyanyue mkono, atazame watu, azungumze."

"Mtu gani?"

"Rais wetu wa kwanza."

Mama Viungo alidhani masikio yamemdanganya. Bembea akavuta kigoda akamweleza. Wanafunzi walikuwa wamekuja bustanini kwake, na mmoja wao akasimama mbele ya ukuta uliochorwa sura ya rais yule wa zamani, akamuuliza mwalimu wake kama yule ndiye mwenye bembea. Watu wakacheka. Bembea hakucheka. Yeye alikuwa amebebwa mabegani na baba yake, katikati ya umati, kumsikiliza mtu yule akihutubia, na mpaka leo aliikumbuka hofu ya kuanguka na furaha ya kuona, vyote pamoja.

"Sauti yake ipo, redioni wameitunza. Picha zipo tele. Kinachokosekana ni mwili tu."

"Mwili tu!" alisema Mama Viungo. Lakini mikono yake ilikwisha kuanza kuwaza. Kiwiko kingekaa vipi? Shingo ingegeukaje bila kuonekana kama ya kuku? Alikubali kabla ya kujua amekubali, na jioni ile hakuweza kumaliza chakula.

Bembea akaomba hospitali imwazime Mama Viungo siku chache za kila wiki, akampa ghala la nyuma ya magari ya kugongana, na akamtafutia msaidizi, fundi umeme aliyeitwa Shoti. Jina hilo alilipata kihalali; nyusi zake zilikuwa zimeungua upande mmoja.

Kazi ikaanza. Kiunzi kilikuwa cha chuma, kano zilikuwa nyaya za breki za baiskeli, na misuli ilikuwa mipira ya hewa inayovimba na kusinyaa kwa kompresa iliyofichwa chini ya jukwaa. Uso ulikuwa mpira laini uliomwagwa kwenye kalibu mara nyingi, maana kila mara ulitoka na kosa lake: mara macho yanashangaa, mara mdomo umenuna. Shoti akamwita mtu huyo Mheshimiwa, kwanza kwa mzaha, kisha kwa mazoea, na mwishowe Mama Viungo akajikuta anamwomba radhi kila anapomchoma na bisibisi.

Nywele zilimshinda. Ikabidi kinyozi aje. Alikizunguka mara mbili kiti alichokalishwa Mheshimiwa, kisha akamfunga shuka shingoni kama mteja yeyote.

"Hili jambo linaniogopesha," alimwambia mkewe huku akikata. "Mtu amepumzika. Sisi tunamwamsha."

"Mimi je, unadhani silali vizuri kwa sababu gani?"

"Sasa kwa nini unafanya?"

Kinyozi akapuliza nywele zilizoangukia sikioni mwa Mheshimiwa, akarudi nyuma, akatazama. "Angalau huyu halalamiki," alisema.

Siku ya majaribio ya kwanza, Shoti alipofungulia hewa, Mheshimiwa alinyanyua mkono wa kulia kwa nguvu ambazo hakuna aliyezipanga, akaipiga meza ya hotuba, kipaza sauti kikaruka hadi ukutani. Shoti akacheka mpaka akakaa chini. Mama Viungo alikwenda nje. Alikuwa amemwona, pale kipaza sauti kilipopita, mtoto aliyesogea mbele kutazama vizuri. Hakukuwa na mtoto ghalani. Lakini tangu siku hiyo alimwona kila mara, na hakutulia mpaka alipofunga mnyororo ndani ya bega usioruhusu mkono kuvuka kiasi, na jukwaa likasogezwa mbali na viti.

Mkono wa kulia ukatii. Wa kushoto ndio uliomtesa. Haukupiga kitu wala mtu, ulitetemeka tu. Mheshimiwa akisimama wima, uso umetulia, sauti yake ya redioni ikijaza ghala, vidole vya kushoto vilicheza taratibu pembeni ya paja kama jani lenye upepo wake peke yake. Mahali fulani hewa ilivuja. Mama Viungo alibadili mipira, akabadili vifungo, akaupaka sabuni mkono mzima atafute mapovu. Ukitulia asubuhi, mchana unaanza tena.

"Waache watu waje, hakuna atakayeona," Shoti alimwambia.

"Mimi naona."

Wakati huohuo Bembea alikuwa amemwalika binti wa rais yule. Hakutaka kufungua bila baraka za familia, na binti huyo ndiye pekee aliyebaki. Alikuwa mama mtu mzima sasa, mwenye kutembea na fimbo na kuogopwa, maana alijulikana kwa kukataa: alikataa sanamu ya shaba, alikataa mtaa upewe jina la baba yake. Mama Viungo aliomba siku chache zaidi. Bembea akasema mgeni hangojeshwi.

Akaja, akakaa kiti cha mbele peke yake, fimbo imelala magotini. Mama Viungo alisimama nyuma ya pazia, shati limemganda mgongoni. Taa ikawaka. Mheshimiwa akanyanyuka kitini, akageuza shingo, akatazama, na sauti ikaanza: "Ndugu zangu..." Binti akafunika mdomo kwa kiganja. Bembea, kando yake, tayari alikuwa anatabasamu.

Kisha vidole vya kushoto vikaanza.

Fimbo ikaanguka sakafuni. "Nani amewaambia?" Mama yule alikuwa amesimama. "Nasema, nani? Daktari? Wale walinzi? Miaka yote tumemsitiri, hata mama yangu amekwenda kaburini na siri hiyo, leo mnakuja kuufanya ugonjwa wake mchezo wa watoto?"

Hakuna aliyejibu, kwa sababu hakuna aliyejua anazungumza nini. Sauti ya redioni iliendelea kuwaambia ndugu zake juu ya umoja na kazi, mpaka Shoti akakumbuka kuizima. Mama yule akawatazama mmoja baada ya mwingine, nyuso zilizopigwa butwaa, na Mama Viungo aliona wazi wakati alipong'amua kwamba hawakuwa wanajua kitu, na kwamba sasa wanajua. Akaokota fimbo mwenyewe. Akatoka bila kuaga.

"Dada," Bembea alisema gari lilipoondoka, akinong'ona kama mtu aliyeokota johari, "uache mkono hivyohivyo. Watu watalia. Rais mgonjwa, amesimama anatumikia nchi..."

"Hapana."

"Lakini ndiyo kweli yenyewe!"

"Si yetu hiyo kweli. Ameitoa kwa hasira, kwa sababu ya mpira wangu unaovuja. Ukiuacha utetemeke, bosi, utatafuta fundi mwingine."

Hakuwahi kumjibu mtu hivyo. Bembea akakuna kichwa, akaenda zake kuangalia treni.

Siku zilizofuata Mama Viungo hakuwa na amani. Kila watu wawili waliponong'ona sokoni alihisi wanaisema siri ile. Shoti aliapa hajamwambia hata mkewe, naye akamwamini, kisha akaacha kumwamini, kisha akamwamini tena. Mwishowe aliufungua mkono wa kushoto begani kwa Mheshimiwa, akauzungushia taulo, akachukua pampu ya baiskeli, akaenda nyumbani kwa binti yule.

Alikwenda kwa miguu. Taulo lilikuwa fupi, vidole vilichungulia. Mwanamke mmoja aliyepishana naye alimshika mtoto wake akavuka barabara. Mama Viungo alitaka kucheka na kulia, akafanya haraka tu.

Mlango ulifunguliwa na mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuomba msamaha au kuomba ruhusa?"

"Nimekuja kukuonyesha, mama. Halafu unifukuze."

Alimkaribisha sebuleni, chumba safi chenye viti vizito na mapazia yaliyofungwa nusu. Mama Viungo alitandika taulo mezani, akaulaza mkono juu yake, akafunga pampu kwenye mpira na kuanza kusukuma. Vidole vikanyooka, vikatulia, kisha vikaanza kutetemeka. Akamwonyesha kwenye kifundo cha mkono, mahali ambapo hewa ilitoka kwa pumzi ndogo, ambayo ukiweka shavu ungeihisi.

"Ni hapa. Hakuna daktari aliyesema kitu, mama. Ni ufundi wangu ulioshindwa."

Mama yule hakutazama kifundo. Alinyoosha mkono wake mwenyewe, akakishika kiganja kile cha mpira kama mtu anayemshika mgonjwa. "Sukuma tena," alisema.

Mama Viungo akasukuma. Kikatetemeka ndani ya kiganja cha yule mama. Walikaa hivyo, mmoja anasukuma, mwingine ameshika, na mlio wa pampu ukawa ndio sauti pekee chumbani.

"Nilikuwa nakaa pembeni yake jukwaani," binti alisema hatimaye. "Watu walidhani ananipenda mno, ndiyo maana hataki nibanduke. Nilikuwa naushika huu, chini ya meza. Akisimama kuhutubia alikuwa hana wa kumshikia." Akakigeuza kiganja kile. "Alisema nchi bado changa. Mtoto akimwona baba anatetemeka, hulala vipi?"

Mama Viungo akajibu kifundi. "Naweza kuuondoa kabisa. Nitaufunga kwa chuma, hautacheza tena."

"Akisimama aliutia mfukoni," alisema mama yule. "Kila hotuba. Tazama picha zako vizuri. Watu walidhani ni maringo. Vijana wakaiga, mji mzima wakawa wanatembea hivyo." Kwa mara ya kwanza akacheka, kicheko kikavu chenye machozi. "Mtie mkono mfukoni, mwanangu. Ndani ya mfuko ufanye utakavyo."

Picha hizo Mama Viungo alikuwa amezitazama mpaka zikachakaa. Lakini alikuwa ametafuta umbo la pua, si mkono.

Kinyozi ndiye aliyepanua mfuko wa suruali. Alisema amekwisha kumnyoa, kumshonea hakumwongezei dhambi. Siku ya kufungua ghala lile, ambalo sasa lilikuwa ukumbi, watu walijaa hadi milangoni, na binti alikaa kiti kilekile cha mbele. Mama Viungo alikagua kila kifungo, kisha akarudia, mpaka Shoti akamkalisha kwa nguvu kwenye sanduku nyuma ya pazia na kumwambia akigusa kitu tena atazima umeme.

Kutoka pale hakuona kitu. Alisikia kompresa ikianza kuguna. Akasikia kiti cha Mheshimiwa kikilia alipokuwa anainuka, na sauti: "Ndugu zangu..." Kisha akasikia kishindo. Viti, vingi kwa pamoja, vikisukumwa na kukwaruza sakafu, na miguu. Akajua. Mnyororo wa bega umekatika, au moshi unatoka chini ya jukwaa, na watu wanakimbia, na wako watoto mbele. Akararua pazia kutafuta njia.

Hakuna aliyekuwa anakimbia. Walikuwa wamesimama. Wazee walikuwa wamenyooka, mikono ubavuni, kama walivyozoea kusimama alipoinuka yule mtu. Wenye umri wa kati walisimama kwa kuwaona wazee. Na watoto, ambao hawakuelewa kitu, walisimama kwa sababu wangefanyaje. Binti alikuwa ameegemea fimbo yake, macho mbele. Mheshimiwa alihutubia, mkono wa kulia ukipanda na kushuka kwa upole, wa kushoto mfukoni, mtu asingejua.

Hotuba ikaisha na hakuna aliyekaa. Hakukuwa na maneno ya kuwaambia wakae, hakuna aliyeyafikiria. Walisimama wakitazamana na mtu wa mpira, naye akiwatazama, mpaka kule nyuma mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Baba, amechoka?" na watu wakacheka, wakapangusa macho, wakaanza kutafuta viti.

Ukumbi ule ndio mwanzo. Baadaye walitengenezwa viongozi wengine, wa zamani zaidi na wa karibu zaidi, na watu husafiri kutoka mbali kuwaona wakiinuka mmoja mmoja. Lakini siku ile Mama Viungo hakuwaza yatakayokuja. Alikuwa amekaa tena juu ya sanduku, anahema, kipande cha pazia mkononi, na Shoti alikuwa amepiga magoti mbele yake akimpepea kwa kofia, akimwambia, "Mama, wamependa. Pumua. Wamependa."